Marehemu wa Mwaka Huu

Ukipita Garsen mwezi wa kwanza na kumsikia mtu akiuliza, "Marehemu wa mwaka huu ni nani?" usivue kofia wala usitafute maneno ya pole. Hakuna msiba. Anauliza ni msichana gani aliyepata basari.

Basari yenyewe ina jina refu: Basari ya Kumbukumbu ya Marehemu, halafu majina matatu ya dada yangu. Lakini ulimi wa watu wa mto haupendi kubeba mzigo usio wa lazima. Majina ya dada yalianguka njiani, kumbukumbu ikafuata, akabaki marehemu peke yake. Binti wa fulani amepata marehemu. Mtoto wa jirani anasomeshwa na marehemu. Mwaka mmoja mzee wa Kiorma alikuja kwa mama kutoka malishoni, akaketi kwa adabu, akanywa chai, akasema, "Mama, mimi nakuja kuomba marehemu kwa mtoto yangu." Mama akamwitikia kwa utulivu kabisa, utadhani ameombwa chumvi. Mimi nilitoka nje kucheka. Nilipomaliza kucheka nikajikuta nimekasirika, maana hata katika kukosea kwao watu walikuwa wanamtaja yeye.

Jina la dada sitalitaja hapa. Limetajwa vya kutosha.

Nina wivu na dada yangu. Nasema wivu, si huzuni. Alikufa akiwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, kwa homa ya siku chache, huko mbali, nami nililia mpaka sauti ikanikauka. Nilimpenda. Lakini kilio kina siku yake ya kuondoa matanga, na wivu hauna. Watu walipokwisha kukunja majamvi na kurudi makwao, mimi nilibaki na dada ambaye sasa singeweza kumshinda kwa lolote.

Tulipishana miaka miwili, yeye ndiye mkubwa. Kule Kulesa, kijijini kwetu, tulilala kitanda kimoja, na yeye ndiye aliyekuwa upande wa ukutani, kwa sababu alikuwa mwoga. Mpunga ulipoanza kuchanua, mtu alihitajika kuvuka kwa mtumbwi kwenda shamba la ng'ambo, kupanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti, na kuamia ndege wasile mpunga tangu alfajiri. Mtu huyo nilikuwa mimi. Dada aliogopa viboko, aliogopa mamba, aliogopa hata kelele zake mwenyewe akipiga debe. Mama akasema, "Mwacheni huyu asome." Basi yeye akasoma na mimi nikapiga debe. Alipofaulu, akapelekwa shule ya bweni. Nilipofaulu mimi, nikapewa shule ya kutwa iliyo njia ya Garsen, kwa kuwa ndege walikuwa bado hawajaacha kula mpunga.

Wenzake wa chuoni, ambao siku hizi ni walimu huku na huko, wana grupu la WhatsApp, na huko ndiko basari ilikozaliwa. Wao wanachanga, kanisa linaongezea, na kila mwaka msichana mmoja wa mtoni au wa malishoni anasomeshwa sekondari mpaka amalize. Ni jambo jema. Nimelisema mwenyewe ili mtu asinikumbushe.

Hafla ya kutoa basari hufanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi ya kijijini. Linafungwa bango kubwa lenye picha ya dada, anacheka, amesuka nywele, na juu ya bega lake kuna mkono. Mkono huo ni wangu. Picha ile tulipigwa wawili, siku ya Krismasi, nimevaa rinda la kijani ambalo sijapata tena rinda zuri kama hilo. Walipotengeneza bango walinikata, lakini vidole viliwashinda kuondoa bila kumharibu yeye. Wageni huuliza kama ni mkono wa mama. Nimeacha kuwasahihisha.

Halafu zinakuja hotuba. Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mstaafu aliyetufundisha sote wawili, mtu mzuri, ila ana ugonjwa wa kusifu. Mwaka wa kwanza alisema dada alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Hilo nilikubali. Mwaka uliofuata alikuwa hajawahi kuchelewa shuleni. Baada ya hapo akaanza kufagia kanisa kila Jumamosi bila kutumwa. Mwaka jana nilisikia kwa masikio yangu kwamba alikuwa akiwafundisha wenzake hesabu jioni, dada yangu huyohuyo aliyekuwa akihesabu vifaranga na kupata jibu jipya kila mara. Anazidi kupanda darasa huko aliko. Mimi niliye hai sina bahati hiyo. Nikiunguza maharagwe leo, kesho kijiji kizima kinajua.

Binti yangu alizaliwa kabla mwaka haujatimia tangu mazishi. Nilikuwa nimeshamchagulia jina, la mama wa mume wangu, kama inavyostahili. Mama yangu alifika hospitali na jina lake tayari, hata uso wa mtoto hajauangalia.

"Jina la aliyekufa kijana haliachwi chini," akasema.

Mume wangu hakubisha. Utabishana vipi na mama mkwe aliyefiwa?

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwetu mwenye kubeba jina la mtu hubeba na heshima yake. Mtoto akipewa jina la babu, utamwita babu hata kama bado anajikojolea. Kwa hiyo mtoto wangu wa kumzaa akawa dada yangu mkubwa. Mama anamwita mwanangu, na mimi natakiwa nimwite dada. Siku moja nilimchapa kwa kuvunja chupa ya chai, mama akaja mbio kutoka nyumbani kwake. "Wewe! Unampiga dadako mkubwa?" Mtoto naye hakuwa mjinga. Hakuchelewa kujua cheo chake. Nikimtuma maji, ananijibu mbele ya wageni, "Mdogo wangu, nenda wewe, mimi miguu inaniuma." Watu wanaangua kicheko. Nami hucheka, kwa meno tu.

Akakua, mtani, mwepesi wa kushika masomo. Alipomaliza Gredi ya Tisa alipata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, mbali, mojawapo ya zile shule ambazo watu huzitaja huku wameinua kidevu. Mimi nina kibanda cha wali na kambare pale Garsen, karibu na yanaposimama mabasi ya Lamu na Hola. Kibanda kinalisha nyumba, lakini hakiwezi kusomesha mtu bweni. Mume wangu analima kule Bura, kwenye mashamba ya mfereji, na mwaka huo maji yalikuja kwa kusuasua na mahindi yakaja vivyo hivyo. Kwa hiyo nami nikaomba marehemu.

Karo niliihitaji, ndiyo. Lakini zaidi ya karo nilitaka mama asimame mbele ya watu wote, mbele ya lile bango, amtaje mtoto wangu. Kamati ina watu watatu, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa na mama, na kwa heshima ya msiba wake neno la mwisho ni la mama. Yeye ndiye humtangaza msichana. Dada alikuwa amechukua kila kitu mbele yangu: shule, maombi, machozi ya mama, mpaka jina la mtoto wangu. Nilitaka safari hii moja tu kitu kitoke kwake kije kwangu.

Sokoni walikuwa na hakika kuliko mimi. "Jina ni lake, basari ni yake," akaniambia mwenzangu anayeuza ndizi kibanda cha pili. "Atajisomesha mwenyewe!" Wateja wakacheka, nikawaongezea mchuzi. Wiki hiyo nilikuwa mkarimu sana.

Siku ya hafla nilipika mimi. Kila mwaka ni mimi ninayepika. Hotuba ilipoanza nilitoka na upawa mkononi, nikasimama mlangoni mwa jiko la shule nisikie vizuri. Mwalimu akamsifu dada, safari hii akamwongezea sauti nzuri ya kuimba. Nikamsamehe. Siku hiyo nilikuwa tayari kumwachia hata aseme dada alikuwa akiruka angani.

Mama akasimama. Alikuwa amejifunga leso mpya. Akataja jina, na halikuwa lile la dada na binti yangu. Lilikuwa la msichana wa Kiorma kutoka malishoni, mrefu, mwenye sare iliyofuliwa mpaka ikapauka. Watu wakapiga makofi. Wengine waligeuka kunitazama, na mimi nikarudi jikoni kukoroga mchuzi uliokwisha kuiva zamani.

Kupitia dirishani nilimwona baba wa yule msichana, mfugaji mwenye fimbo, akimwinamia mama. "Mama, Mungu akupe umri mrefu. Marehemu yako sasa iko mtoto yetu." Mama akamkumbatia yule msichana akamwita mwanangu. Neno hilo lilinichoma kuliko jina lenyewe. Ana wanawe wangapi wa kuwakumbatia huko uwanjani, na mimi aliyenizaa niko jikoni natokwa jasho?

Watu wakaja kupakuliwa chakula. Alipofika yule msichana na sahani yake, nilikwangua chini ya sufuria nikampa ukoko mtupu na mchuzi wa kulowanisha tu. Akaitazama sahani, macho yakamng'aa.

"Asante sana, Mama! Ukoko! Nyumbani tunaupigania." Akasita, kisha akauliza kwa haya kama umebaki mwingine, amfungie mdogo wake.

Nikamfungia. Ningefanya nini? Ukoko wote ukaenda malishoni, na wanangu waliokuwa wakiungojea wakaninunia mpaka jioni.

Asubuhi yake sikufungua kibanda. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama, na hata shikamoo sikuitoa. Alikuwa anaanika mpunga kwenye jamvi, anautandaza kwa kiganja, anachagua mawe.

"Umenionea," nikamwambia.

"Nimemwonea nani?"

"Mimi. Mtoto wangu amempita yule kwa alama. Mwalimu kaniambia kwa kinywa chake."

"Amempita, ni kweli," akasema mama. "Keti."

"Siketi."

"Basi simama, lakini usinikanyagie mpunga."

Nikasogeza mguu. Akaendelea kutandaza kwa muda, mimi nimesimama juu yake nahema. Alipoanza kusema hakuniangalia.

"Jina lile nililisindikiza mara moja mpaka Garsen. Nikalipandisha basi, nikalipungia mkono. Nililoletewa ni sanduku la nguo. Hawa wengine naweza kuwapeleka. Wanakwenda na majina yao, wanarudi na majina yao. Huyu wako siwezi. Mwalimu na mzee wa kanisa walimtaka huyu. Mimi ndiye niliyekataa, na niliwaomba wasikwambie. Nimekwambia mwenyewe."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima. Yote yalikuwa ya kumjibu mtu aliyeninyima. Mbele yangu alikuwapo mtu anayeogopa. Nikaketi pembeni mwa jamvi. Nilimhurumia, nami sisemi uongo. Nilitaka kuushika ule mkono wake wenye mpunga. Lakini wivu una milango mingi, ukifungiwa huu unaingilia ule.

"Kwa hiyo ni dada tena," nikasema. "Hata unapomwogopea mtoto wangu, unamwogopea dada."

"Ni mtoto mmoja."

"Si mmoja, Mama. Huyu nimemzaa mimi."

Kuku alikuwa anausogelea mpunga, mama akamfukuza.

"Na mimi?" nikauliza. Sauti ilinitoka ya kitoto, nikaona aibu, lakini ilikuwa imeshatoka. "Ulipokuwa ukinituma ng'ambo kwenda kuamia ndege, mto umejaa, mamba wamelala kwenye mchanga pale tunapofunga mtumbwi. Siku hizo uliniogopea?"

Mama alifikiri. Alifikiri kweli, kichwa kikiwa upande, maana si mtu wa kusema lililo tamu kwa ajili ya utamu wake. Angenidanganya siku ile, ningemshukuru.

"Wewe?" akasema. "Hapana. Wewe ulikuwa ukirudi."

Hakusema kwa ubaya. Najua kwa mizani yake alikuwa amenisifu. Nimelizungusha jibu hilo kichwani tangu siku ile, nikiwa jikoni, nikiwa sokoni, nikijaribu kulifurahia. Lakini sifa hiyo ni ya punda, kwamba akitumwa hurudi. Sikutaka kusifiwa. Nilitaka kuogopewa, mara moja tu, na mtu anayesimama mlangoni na kushindwa kula mpaka nifike.

Binti yangu akaenda shule ya kutwa, ileile niliyosoma mimi. Alilia siku kadhaa, akasusa chakula changu, kisha akapata marafiki na akawa anarudi na vicheko. Yule msichana wa Kiorma anafanya vizuri huko bweni. Baba yake hutuletea maziwa, na mimi huyapokea kwa mikono miwili na kuyasifu, na ni matamu kweli.

Mama naye akaanza jambo jipya. Jua likilegea anatoka nyumbani kwake, anapanda juu ya tuta la kuzuia mafuriko, anasimama hapo na leso kichwani mpaka mtoto atokeze kwenye njia. Mvua inyeshe, mbu wamle, yupo. Nilimweleza kwamba watoto siku hizi hurudi kwa makundi, wengine kwa bodaboda, na hakuna kiboko anayetoka mtoni saa hizo. "Najua," akasema, na kesho yake alikuwa palepale. Mtoto akifika, anamshika mkono, anamtazama uso, halafu wanashuka pamoja kwenda kwake, anampa chai na mahamri kabla hajaja kwangu. Wakati mwingine analala hukohuko.

Binti yangu anaona haya. "Bibi ananisubiri kama mbuzi aliyepotea," ananilalamikia. "Wenzangu wananicheka. Mwambie aache, mdogo wangu."

Natamani kumzaba kofi. Nilipita njia hiyo miaka minne, nina njaa, vitabu vimo kwenye mfuko wa plastiki visinyeshewe. Tuta lilikuwapo. Hapakuwa na mtu juu yake. Wala sikuwahi kutazama kama yupo, kwa kuwa sikujua kwamba ni jambo ambalo mtu anaweza kufanyiwa. Sasa nalijua, na naliona kila jioni, anafanyiwa mtu mwingine ambaye halitaki. Nilikuwa nina wivu na aliyelala makaburini. Siku hizi nina wivu pia na anayelala nyumbani kwangu, ninayemfulia sare na kumsuka nywele, na ambaye ningekufa kwa ajili yake bila kuulizwa mara mbili.

Juzi wali uliniishia mapema, nikafunga kibanda. Binti alikuwa amebaki shuleni kwa mazoezi ya mpira wa wavu, alikuwa ameniambia asubuhi, na bila shaka alisahau kumwambia bibi yake. Mvua ilikuwa imenyesha. Bodaboda ilinishusha mbali kwa sababu ya lile tope jeusi, nikashika njia ya miguu peke yangu, mkoba begani, viatu mkononi.

Mama alikuwa juu ya tuta. Macho yake si yale ya zamani, na watu husema mimi na binti yangu tunatembea sawasawa, kama alivyokuwa akitembea dada. Aliniona kwa mbali. Akainua mkono. Akaanza kuteremka tuta lile linaloteleza, polepole, ameshikilia leso isianguke, akitafuta pa kukanyaga, na huku anakuja akaita. Aliita jina lao.

Nilijua hakuwa akinisubiri mimi. Ningeweza kusimama nikamwambia, ni mimi tu, Mama, mtoto wako bado yuko shuleni.

"Abee!" nikaitika, nikaongeza mwendo.